Hodi ya Tatu

Mlango wangu ndio uliokosea kwanza, mimi nikafuata.

Ilikuwa jioni ya kawaida, jua bado liko juu ya mashamba ya zabibu, nami nimekaa sebuleni nachagua mchele. Mashine inachagua vizuri kuliko mimi, lakini tangu nifiwe nilikuwa natafuta kazi za kuishika mikono yangu. Nikasikia nje: "Hodi! Hodi wenyewe! Kama mnakula, msifunike!"

Kitasa kikalia, mlango ukajifungua, upepo wa Dodoma ukaingia na vumbi lake bila aibu. Milango ya siku hizi haisikilizi unene wa sauti. Inasikiliza mwendo wake, mtu anavuta wapi na anakata wapi, na mlango wangu ulikuwa umefundishwa watu wawili tu, mimi na mwanangu Sekela. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya Sekela wiki hiyo hiyo. Kumfuta kwenye mlango sikuweza. Kila siku nilijiambia nitafanya kesho.

Kizingitini alisimama kijana mrefu mwenye ndevu za kuanza. Nyuma yake mama mmoja wa makamo, kanga moja kiunoni na nyingine begani, anahema.

"Mama, mbona umekaa kwako kama mgeni?" kijana aliniuliza, akachekea puani.

Hayo yalikuwa maneno ya Sekela. Kila aliponikuta nimekaa kwenye ukingo wa kochi alinitania hivyo. Watu wa Tukuyu, upande wa baba yake, ndimi zao hazina breki. Sinia likaniponyoka, mchele ukatapakaa sakafuni, na kijana akainama kuuokota akisema, "Pole, pole, ngoja nilete ufagio," akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ufagio ulipo. Hajawahi kuingia nyumba ile maishani mwake.

"Nisamehe dada yangu kwa kukuvamia," yule mama alisema. "Mimi ni Mama Fikiri, wa hapo Nkuhungu. Huyu ndiye Fikiri wangu. Miguu yake ndiyo imetuleta, mimi nilimfuata tu. Nilidhani anakwenda dukani."

Nilichemsha chai kwa sababu sikujua la kufanya. Kijana akamimina yake kwenye kisosi, akaipuliza, akainywa kwa kuivuta kwa sauti. Nilimkataza Sekela tabia hiyo tangu akiwa mdogo, na alikufa nayo. Nilikaa kumwangalia, na niseme ukweli, sikuwa na hofu. Nilikuwa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyeokota kitu cha mwenzake na hataki kuuliza ni cha nani.

Kisha akasimamisha kisosi kabla hakijafika mdomoni. Aliangalia kuta, akaangalia picha ya Sekela ukutani, akamgeukia mama yake. "Mama, hapa ni wapi?" Sauti ilikuwa ileile, lakini mwendo ulikuwa mwingine, mzito, wa mtu asiye na haraka. Akaniona. Akaweka kisosi chini kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," nikaitikia.

"Umeona?" Mama Fikiri alisema, na machozi yakamtoka bila kelele. "Mwanzoni ilikuwa kama chafya, inakuja inapita. Sasa anaondoka asubuhi, ananirudia jioni. Kila siku anachelewa zaidi. Nilishaambiwa mkemia wa serikali anayeijua Hodi kuliko wote ndiye mama wa huyo mgeni, na alipokuita mama nikajua ni wewe. Ndiyo maana hata sijui nikuombe vipi. Dada, mtoe. Fikiri akiisha humu ndani, mimi nitaitwa Mama nani?"

Nilimwambia nitajaribu. Wakati huohuo nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamtandikia kijana chumba kipi akilala.

*

Hodi ni tone moja chini ya ulimi. Ndani ya tone kuna chembe hai, zilizofugwa kutokana na ukungu, ndogo kiasi cha kupita popote damu inapopita. Zikifika kwenye mishipa ya fahamu hujishikiza, na hapo huanza kuongea na chembe wenzao za chupa ileile, mwilini mwa mtu mwingine. Chupa moja wenyewe huiita chumba. Mliokunywa chumba kimoja, akifurahi mmoja mnafurahi wote. Kwa hiyo ikawa ya harusi, ya kipaimara, ya sendofu, mpaka ya kusherehekea goli. Alfajiri chembe hufa zenyewe, kila mtu akarudi kwake na kichwa kizito kidogo.

Dalili ya kwanza ni kugongwa. Kifua kinagonga kwa ndani, taratibu, kana kwamba kuna mtu nje. Ndipo lilipotoka jina. Wauzaji nao hawakulala, wakaandika kwenye kila chupa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali ya wazee wetu, wakaifanya tangazo.

Polisi hawakuweza kuigusa. Sheria yetu inasema kilevi ni kitu chochote kinachomtoa mtu katika akili yake, na siku ya kesi wakili wa watengenezaji, Bwana Bitegeko, alisimama na suti yake ya kijivu akasema: "Waheshimiwa, Hodi haimtoi mtu katika akili yake. Inamtia mwenzake. Kutoa na kutia ni vitu viwili." Watu wakapiga makofi. Toka siku hiyo ikauzwa dukani karibu na soda.

Hatari yake niliijua kabla haijanifika. Mioyo iliyounganishwa hufuata ule unaokimbia kuliko yote. Moyo wa Sekela ulikuwa na mlango mbovu tangu utotoni, tulikuwa tunauchunga, hapandi vilima, hanywi kahawa. Alikwenda kwenye sendofu ya rafiki yake aliyekuwa anaolewa, ngoma zikakolea, akapewa tone. Chupa haiulizi nani ana moyo gani. Moyo wake ulikimbizwa na mioyo ya wenzake wazima mpaka ukasimama.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Chembe zikiona mwenyeji wao anakufa, hutupa kila kitu zilichobeba kwa wenzao wa chumba kimoja na kuomba nafasi. Hugonga. Asiyeitikia, chembe zake hufa alfajiri kama kawaida na hakuna kinachobaki. Wasichana wote waliokunywa naye walikuwa wanapiga mayowe, hakuna aliyesikia kugongwa. Aliyesikia ni Fikiri, fundi mitambo wa muziki, aliyekubali tone kwa sababu walimbembeleza. Alikuwa amekaa pembeni na nyaya zake. Akasikia hodi kifuani, ya msichana, ya uchangamfu. Akasema, "Karibu."

Nimesoma majaribio ya huko ng'ambo Hodi ilikotengenezwa. Huko hakuna hata mmoja aliyebaki na mgeni. Wenzetu wakigongewa huuliza kwanza, nani? Sisi huitikia, kisha ndipo tunaangalia ni nani. Hakuna aliyelifikiria hilo, wala mimi.

"Nilimchapa kwa ajili ya hodi," Mama Fikiri aliniambia siku nilipomweleza, tukiwa maabara. "Alikuwa mdogo, alijificha mgeni asimwone. Nikamchapa. Nikamwambia mtu akikupigia hodi ukanyamaza, umemwambia yeye si mtu. Mimi ndiye niliyemfundisha, Mama Sekela."

Nilimshika mkono tu.

Fikiri alikuwa kwenye kiti, kisikizi kimebandikwa nyuma ya shingo yake, na spika ndogo mezani inanguruma kwa sauti ya chini, sauti ya chembe zikiongea zenyewe. Kadiri zilivyopanda kuelekea kichwani ndivyo ngurumo ilivyokuwa nzito. Zikishaingia ubongoni kabisa, hakuna dawa itakayozifikia, na kijana huyu atabaki jina tu. Nilimweleza waziwazi, ni mtu mzima.

"Daktari, mimi sijamchukia," alisema. "Ni mgeni mzuri. Anacheka, anaimba, juzi kamwosha mama yangu nywele. Ila sijui sasa mimi nalala wapi. Nikirudi nakuta kila kitu kimehamishwa."

Kisha akaondoka, na Sekela akaja kwa mdomo wake.

"Hodi! Ah, mama, upo kazini?" Akaangalia mikono mipana ya Fikiri bila kushangaa, kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Sijui alikuwa anaona nini. Hakujua amekufa, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka matumaini yangu ya kikemia. Kama kila akija anaanza upya, kama hakumbuki jana, basi huyo ni mwangwi tu, na mwangwi haufi kwa kuzimwa. Nilimngoja aniulize tena yale aliyoniuliza jana yake. Hakuuliza. Alinitazama kwa huruma, akanyoosha mkono akanifuta shavu.

"Jana ulilia," alisema. "Leo usilie bwana, utaniharibia siku."

Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Ningeambiwa kuna njia ya kumhamishia kwangu ningekunywa pipa zima, lakini chumba ni chumba, chembe za chupa nyingine hazimjui. Alikuwa na nyumba moja tu duniani, na nyumba yenyewe ilikuwa ya mtu.

*

Dawa ya kuua chembe ipo. Tunaiita ufagio, kwa sababu inafagia kila kitu. Nayo ni sumu, na sheria hairuhusu imwingie mtu mpaka kile inachofagia kitamkwe kuwa kilevi. Kwa hiyo Fikiri asingeweza kutibiwa bila Baraza la Vilevi kukaa tena na kuipima Hodi upya, na Baraza halikuwa na mkemia mwingine wa kumwita. Walijua mimi ni mama wa marehemu. Waliuliza pande zote mbili kama wana pingamizi. Hakuna aliyekuwa nalo, kila upande uliamini mimi ni wake.

Ukumbi ulijaa. Mama Fikiri alikaa mstari wa mbele, mwanawe pembeni yake, amesinzia. Asubuhi ile Fikiri mwenyewe alikuwa bado hajarudi.

Bwana Bitegeko alisimama. Si mtu mkorofi, na hilo ndilo linalomfanya awe wa hatari. Anaongea polepole, na anasikiliza kweli anapouliza.

"Daktari Perusi Chilongani, pole na msiba."

"Nimeshapoa."

"Siku kijana huyu alipofika kwako kwa mara ya kwanza, mlango ulifunguliwa na nani?"

"Ulijifungua."

"Kwa sauti ya nani?"

"Kwa mwendo wa sauti ya mwanangu."

"Mlango ni mashine. Hauna msiba, hauna uchungu wa mtoto. Ulimtambua. Wewe uliyemzaa, hukumtambua?"

Niliuona tena ule mchele sakafuni kwangu. "Nilimtambua," nikasema, na ukumbi ukaguna.

"Je, ni mwangwi tu? Anarudia yaleyale ya zamani?"

Ningeweza kusema ndiyo. Tulikuwa watu watatu tu maabara siku ile, na hao wengine wawili wasingenisuta. Lakini nilimkumbuka akinifuta shavu. "Hapana," nikasema. "Anakumbuka. Anajua mambo yaliyotokea baada ya kufariki."

"Basi, waheshimiwa." Bitegeko aligeukia meza ya Baraza. "Mwanzoni nilisema Hodi haitoi, inatia. Nilikuwa natetea biashara, nakiri. Leo natetea mtu. Yumo mtu mle. Ana jina, ana kumbukumbu, ana mama. Mkiiita Hodi kilevi, ufagio utaingia, na huyo mtu atafagiliwa na taka. Sheria gani itawaruhusu?" Akanirudia. "Daktari, sihitaji maelezo marefu. Nipe neno moja. Yule ni Sekela, au si Sekela?"

Nikisema ni Sekela, Hodi inabaki dukani karibu na soda, na mwanangu atakunywa chai kwangu mpaka nizeeke. Nikisema si Sekela, Fikiri anapona, lakini nitakuwa nimemkana mtoto wangu mbele ya kadamnasi, tena kwa uongo. Nilimwangalia Mama Fikiri. Hakuniomba wala hakunitishia kwa macho. Alikuwa anamfunika mwanawe mabega kwa kanga, maana feni ilikuwa inampiga.

Sokoni mpaka leo wananiita Mama Sekela. Hakuna aliyethubutu kubadilisha.

"Siwezi kusema si yeye," nikasema. "Mimi sijui mtu anaanzia wapi na anaishia wapi, na kemia haijui. Lakini wakili kaniuliza habari za mgeni peke yake. Habari za mwenye nyumba hajaniuliza."

"Endelea, daktari," mwenyekiti alisema.

"Sheria yenu inasema kilevi ni kinachomtoa mtu katika akili yake. Bwana Bitegeko akawaambia hiki kinatia, na sisi tukampigia makofi. Mimi pia nilipiga, alisema vizuri. Lakini Fikiri ana chumba kimoja tu. Ukimtia mtu mwingine humo, akalala kitandani, akala chakula, akahamisha viti, mwenyewe yuko wapi? Nje. Hakutolewa kwa rungu, alitolewa kwa adabu. Alisema karibu. Ila yuko nje, waheshimiwa, na anapigwa na baridi. Kinachotia mtu juu ya mtu kinatoa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu mgeni hana mikono ya kushika jembe. Anashika kwa mikono ya mwenzake."

Sauti ilinipanda zaidi ya nilivyotaka.

"Kwa hiyo unasema ni kilevi?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni kilevi."

"Na unajua maana yake, kwa huyo aliyemo?"

"Najua. Ni mimi nitakayeuchanganya huo ufagio."

Baraza halikuchukua muda. Hodi ilitamkwa kilevi, madukani itolewe, na Fikiri atibiwe. Watu walipotoka, Bitegeko alinipita mlangoni na mkoba wake kwapani, akasimama. "Pole, Mama Sekela," alisema. Nilimchukia kwa sababu alimaanisha.

*

Tulifanya asubuhi, kwenye chumba cha nyuma cha maabara, dirisha likiwa wazi. Masharti yalikuwa machache na nilimsomesha Mama Fikiri mpaka akayasema bila kukosea. Chembe zikianza kufa zitagonga. Zitaomba nafasi, kama zilivyoomba siku ile. Fikiri atakuwa usingizini, hataitikia, lakini masikio yake yatakuwa macho. Akisikia neno "karibu" kutoka kinywa chochote, mwili wake utaliamini, chembe zitajishika upya, na mara ya pili ufagio hautafaa. Kwa hiyo hakuna kusema neno. Mhudumu wangu nilimtoa nje kabisa, maana ni mtu wa Pemba, na hodi kwake haipiti hivihivi.

Nilimwambia Mama Fikiri asubiri nje na yeye. Akakataa. Akakunja ncha ya kanga, akaiweka kati ya meno.

Fikiri mwenyewe alikuwepo, kwa bahati. Alijilaza, akanitazama nikimtafuta mshipa.

"Daktari, ataumia?"

"Hapana, baba."

"Akija, mwambie alikuwa mgeni mzuri. Mwambie sikumfukuza mimi."

"Nitamwambia," nikasema, nikijua kwamba mimi ndiye niliyepiga marufuku maneno mle ndani.

Ufagio ukashuka kwenye mpira, tone kwa tone. Fikiri akafumba macho. Spika mezani ilinguruma, ikapanda, ikaanza kupasuka vipande vipande kama redio inayopotea stesheni. Kisha midomo yake ikafunguka.

"Hodi!"

Ilikuwa hodi ya kutoka shuleni, ya mtu anayejua kuna chakula. Niliminya midomo.

Huwezi kujua neno hilo lina nguvu gani mpaka ukatazwe kulijibu. Mwili wote unalitaka. Mama Fikiri mbele yangu alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa mabega, kwa kila kitu isipokuwa mdomo, kanga imebana kwenye meno, mishipa ya shingo imemsimama.

"Hodi wenyewe!"

Safari hii alinyoosha sauti kidogo, kama anayechungulia. Nikasikia miguu yake ikihama kwenye mchanga wa kibarazani, ingawa hakukuwa na mchanga wala kibaraza, kulikuwa na kitanda na kijana amelala. Nilijiuma kidole. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, fupi, nililolisema maisha yangu yote kwa wauza maziwa na wauza bima, kwa majirani nisiowapenda, kwa kila mtu. Sasa nilikuwa nainyima damu yangu neno hilo.

Mgeni akipiga hodi ya tatu asiitikiwe, huondoka. Sekela alilijua hilo. Nilimlea mimi.

"Hodi jamani," alisema taratibu. "Kama mnakula, msifunike."

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka, na ile "ka" ikafika kwenye ulimi. Mama Fikiri akaniona. Hakuninyamazisha, hakuinuka. Alifumba macho tu, maana hakuwa na haki ya kumwambia kitu mama aliyekuwa pale nilipokuwa mimi, na alijua. Nikaimeza ile "ka". Bado naisikia imekwama.

Nje mtu alipita akivuta toroli.

"Mama?" Sekela aliuliza. "Upo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa karibu yake kiasi cha kumgusa, na machozi yangu yalikuwa yanadondoka kwenye shuka lake.

"Basi wenyewe hawapo," alisema, kama mtu anayejisemea njiani. Hakukasirika. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulisamehe, kwamba hakukasirika hata kidogo. "Nitapita siku nyingine."

Spika ikakwaruza mara moja, ikanyamaza. Nilingoja ingurume tena. Nilibadilisha waya, nikaipiga kwa kiganja. Mama Fikiri akanishika mkono, akaurudisha chini.

Kijana aliamka jua likiwa limeshafika kwenye shuka. Aligeuza kichwa, akatazama dari, akatazama mikono yake, akaikunja na kuikunjua kama anayejaribu glavu. Akamwona mama yake. "Mama," alisema, kwa ule mwendo wake mzito, na Mama Fikiri akaanza kulia na kanga bado iko mdomoni.

Kisha akaniona mimi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikunja uso. Alikuwa anatafuta kitu, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Aliangalia mlango, akaniangalia tena, na niliziona tabia zake zote njema zikimrudia moja baada ya nyingine.

"Kulikuwa na mtu anapiga hodi," alisema. "Nilimsikia. Mbona hamkumkaribisha?"

Mama yake alitoa kanga mdomoni. Mimi niliinuka kwenda kumletea maji.